Pamba ya Usiku

Mwaka wa kumi na nne tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia kwenye pamba, Mwandu wa Zagayu aliambiwa mbele ya mkewe na majirani kwamba ni mtu wa kufanya kazi gizani. Aliambiwa asubuhi, jua likiwa limeshachoma, na kijana anayelingana na mwanawe wa tatu.

Kijana huyo ni Ngeleja, msimamizi wa kampuni kwenye vituo vya upande ule. Hakushuka garini. Alishusha kioo tu, akatoa karatasi iliyochapwa kwa kompyuta, akaitandaza juu ya usukani.

"Mzee, wewe unanunua pamba usiku."

"Usiku upi?"

"Usiku mwingi tu. Huu hapa mmoja. Tarehe mbili Julai, Jumatano, saa nane na nusu usiku, umepima kilo mia na arobaini za Wilhelmina mjane wa Luhaga."

Mwandu alicheka kwanza, maana alidhani ni utani wa mjini. "Wilhelmina? Yule bibi anaongozwa njia na mjukuu. Alikuja asubuhi, nikampa kiti."

"Kompyuta inasema saa nane na nusu usiku."

"Mimi nimeandika saa mbili na nusu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Mbili na nusu ya kompyuta ni saa nane na nusu usiku."

Hapo ndipo penye uchungu wote wa jambo hili, kwa hiyo lielezwe mapema. Ngeleja alikuwa na karatasi iliyoandikwa 02:30, na mdomo wake ukatamka saa nane na nusu usiku bila kusita, kama sisi sote tunavyofanya kila siku tunapotazama saa ya mkononi. Kugeuza alijua. Aligeuza papo hapo, pale palipomfaa.

Nyanjige, mke wa Mwandu, alikuwa anapepeta mtama. Aliuweka ungo chini.

"Saa nane usiku hapa Zagayu mtu hatoki hata kwenda chooni," alisema. "Labda hiyo pamba ililetwa na fisi. Uliza kompyuta yako kama waliipakia mgongoni."

Majirani waliokuwa uani waliangua kicheko. Ngeleja hakucheka.

"Cheka, mama. Wakija kuchukua ng'ombe usiseme ni fisi."

Kanuni za kampuni Mwandu alizijua, maana alizitia sahihi alipopewa mzani. Kituo kinafunguliwa jua likishatoka na kufungwa kabla halijazama. Pamba iliyopimwa gizani inahesabiwa kuwa ni ya ujanja, imenyweshwa maji na kutiwa mchanga ili izidi uzito, na hasara yake ni ya karani. Ili apewe kazi hiyo ya msimu, karani aliweka dhamana ng'ombe wake wote. Wa Mwandu walikuwa tisa. Wawili walikuwa wa mahari ya Generoza, binti yake mkubwa, na mtu akinyang'anywa ng'ombe wa mahari hana uso wa kumtazama mkwewe.

"Ijumaa uje ofisini Bariadi, saa nne kamili," Ngeleja alisema akimpa barua. "Hauko peke yako, usiogope. Mko kumi na mmoja. Hata rafiki yako Mayige wa ng'ambo ya mto anayo ya kwake."

Gari likaondoka. Vumbi lilitua juu ya mtama wa Nyanjige, na hakuna aliyerudi kucheka tena.

*

Alhamisi jioni Mwandu alifika Bariadi kwenye chumba cha kupanga cha binti yake Scola, nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Alikuwa na mfuko wa plastiki uliojaa nakala za stakabadhi za kituo chake. Scola alipiga goti mlangoni.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, ng'wana wane." Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. "Nimesikia kwamba mimi ni mchawi wa pamba. Nimekuja kuuliza kwako, maana wewe ndiye unayeandika kwenye hiyo kompyuta."

Scola alipunguza moto wa jiko. Alikuwa anajua tangu Jumatatu, akawa hana njia ya kulisema. Kazi hiyo aliipata kwa sababu baba yake ni karani wa kampuni; alikuwa mpya kabisa kazini, na kodi ya chumba ililipwa kwa mshahara huo huo.

"Ni mimi niliyeandika," alisema.

"Uliandika usiku?"

"Niliandika ulichoandika wewe. Saa mbili na nusu nikaandika mbili na nusu. Halafu mashine ikageuza."

"Ikageuza nini?"

"Programu ya makao makuu Dar haitaki tarehe na saa kama tunavyoandika. Inataka namba moja ndefu. Kompyuta haijui Jumatano wala Julai, baba. Inajua sekunde tu, zilizopita tangu mwaka sabini uanze. Unaiwekea tarehe na saa, inakupa namba." Alichukua kipande cha gazeti la kufungia vitunguu, akaandika pembeni: 1214955000. "Hii ndiyo pamba ya bibi Wilhelmina."

Mwandu aliitazama namba ile kwa muda mrefu. Aliisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Kwa nini mwaka sabini?"

"Sijui. Wazungu walioitengeneza walianzia hapo."

"Sabini mimi nilikuwa kijana, nawabebea wazee magunia kupeleka ushirika. Mzee wangu alikatwa kilo mbili kila gunia, wakasema ni za uzito wa gunia lenyewe. Gunia gani la kilo mbili? Akanyamaza, kwa kuwa kila mtu alinyamaza." Alirudisha kipande cha gazeti. "Kumbe wameanza kuhesabu hapo. Sawa. Lakini huyo aliyeitengeneza hakuambiwa kwamba saa zetu zinaanza jua likitoka?"

"Mashine unaiambia wewe. Ukiiambia mbili, inajua ni mbili ya kwao, usiku wa manane. Ilitakiwa niongeze saa sita kwanza. Siku ya kwanza kabisa nilimfuata meneja, nikamwambia, bosi, hizi saa kwenye stakabadhi ni za kwetu, niongeze sita? Akaniambia, andika kilichoandikwa, usitie akili yako."

"Huyo meneja Kasmiri si mtoto wa Maswa, hapa kwetu?"

"Wa Maswa."

"Basi anajua."

"Baba, kila mtu anajua. Mlinzi anajua. Mama anayetuletea chai anajua. Kituo chako kwenye kompyuta kinafunguliwa saa saba usiku na kufungwa saa sita mchana, na vituo vyote vingine hivyo hivyo. Alasiri yote jua linawaka na hakuna karani hata mmoja anayefanya kazi, kanda nzima. Na hakuna aliyeona ajabu."

"Na zile saa zenyewe nilizoandika mimi, ziko wapi humo ndani?"

"Zimefutwa. Ukishapata namba ndefu, safu ya zamani unaiondoa. Wanaita kusafisha."

Mwandu akatikisa kichwa polepole. Kisha akauliza swali ambalo mkulima yeyote wa pamba angeuliza, maana amezoea kudhulumiwa na anajua dhuluma haiji bila haja.

"Wanaficha nini?"

Scola akamweleza. Agosti ilinyesha mvua isiyo ya msimu, siku tatu. Pamba ilikuwa imelundikwa nje kwenye uwanja wa kampuni kama vichuguu, maana meneja alinunua maturubai nusu ya yaliyohitajika. Ililoa, ikachambuliwa hivyo hivyo, ikafungwa marobota, ikapelekwa stesheni Malampaka. Huko mnunuzi akapasua robota moja, akakuta ukungu. Marobota yakarudishwa. Benki iliyotoa mkopo ikauliza maji yametoka wapi.

"Na maji yametoka kwangu," alisema Mwandu.

"Yametoka kwenu makarani. Usiku."

Walikula ugali kwa dagaa. Baadaye Mwandu akasema kwamba kesho atazitandaza nakala zote mezani, moja moja, na mtu mwenye macho ataona. Scola alimtandikia baba kitanda, yeye akalala chini.

*

Nyanjige alikuja na basi la kwanza. Hakuitwa, lakini alisema hawezi kukaa nyumbani kusubiri kuambiwa na wengine. Mlinzi wa ofisi aliwazuia mlangoni, akamtaka Nyanjige avue kandambili kwa kuwa vigae vimetoka kupigwa deki. Akavua, akaingia peku. Mwandu alikuwa na viatu vya ngozi vilivyopasuka, hakuambiwa kuvua.

Walikaa kwenye benchi tangu saa nne mpaka saa saba. Kasmiri alipita mbele yao mara kadhaa akiongea na simu. Alipowaita hatimaye, Scola alikuwa tayari amesimama kando ya meza ya meneja, mikono nyuma.

"Karibuni wazee wangu. Poleni kwa kusubiri."

Mwandu alianza kutandaza stakabadhi. Kasmiri aliinua kiganja.

"Mzee, usijisumbue. Nakala ninazo. Zimeandikwa mbili na nusu, tatu na robo, nne. Hazikuandikwa asubuhi."

"Nani anaandika asubuhi wakati jua analiona?"

"Ungeandika."

"Kitabu mlichonipa kina kisanduku cha saa. Hakina kisanduku cha asubuhi."

Kasmiri akatabasamu, kama mtu anayesikiliza shauri la watoto. Nyanjige akafungua kitenge kiunoni, akatoa barua ya Ngeleja iliyokunjwa mara nne.

"Meneja, mwadila."

"Mwadila, mayu," alijibu Kasmiri, kama anayemwita mama yake.

"Mimi sikusoma sana. Nisomee hapa. Tumeitwa saa ngapi?"

Kasmiri akaichukua. "Saa nne kamili."

"Imeandikwa asubuhi?"

Meneja aliitazama barua. Ilikuwa imeandikwa saa 4:00, basi.

"Tumekuja saa nne, jua likiwa juu, na wewe ulikuwepo," Nyanjige akaendelea. "Hukutuuliza kwa nini hatukuja alfajiri. Ungetuona alfajiri ungewaita polisi. Sasa nne ya kwako ni mchana, nne ya mume wangu ni usiku. Hiyo kompyuta inawajua watu kwa sura?"

Mama wa chai, aliyekuwa ameingia na birika, alifunika mdomo kwa upande wa kanga. Hata Kasmiri alicheka, tena kicheko cha kweli, akapiga meza.

"Mayu, wewe ungesoma ungekuwa wakili. Umenishinda. Mbele ya Mungu umenishinda." Akamwashiria mama wa chai atoke, akafunga mlango mwenyewe. Alipokaa tena hakuwa anacheka. "Lakini sasa nisikilizeni. Namba zimeshafika Dar. Dar wamewapelekea benki. Benki wamekubali hasara ni ya makarani kumi na mmoja. Mimi leo nikiandika kwamba makarani wote walinunua mchana, hayo maji ni ya nani?"

Uwanja ulionekana dirishani, na maturubai yaliyotoboka.

"Yatakuwa yangu. Na mimi nina watoto kama ninyi. Kwa hiyo wote haiwezekani." Alishusha sauti. "Mmoja inawezekana. Mchapaji akikosea kituo kimoja, hilo Dar wanalielewa. Scola anaandika barua, anasema kituo cha Zagayu alikikosea saa yeye mwenyewe, kwa uzembe wake. Anaongeza saa sita kwenye mistari ya Zagayu. Mzee anatoka kwenye orodha. Binti anapata onyo, anakatwa mshahara wa mwezi mmoja. Kazi inabaki."

Scola alifungua mdomo. "Bosi, mimi nilikuuliza siku ile..."

"Uliniuliza. Nani alisikia?"

Scola akarudi nyuma hatua moja.

Mwandu alikuwa bado ameshika stakabadhi ya Wilhelmina. "Na Mayige?" aliuliza.

Yeye na Mayige walikulia ngoma moja. Ujana wao wote walicheza kundi moja wakati wa mavuno, na mmoja akishindwa uwanjani mwenzake alilala na aibu. Walipewa mizani siku moja, na ni Mayige aliyemwonyesha namna ya kuujaribu mzani kwa jiwe kabla ya kazi.

Kasmiri alimtazama bila ubaya. Hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

"Mayige ana binti hapa ofisini?"

Simu iliita mezani, akaiacha iite. Mwandu alimtazama mkewe. Alitegemea ulimi ule uliomshinda meneja uongee tena, umtukane mtu huyu, uvunje kitu. Nyanjige alikuwa anatazama miguu yake mitupu juu ya vigae.

"Andika, Scola," alisema.

"Mama Generoza," Mwandu akasema.

"Nini? Nimwambie mkwe ng'ombe wako wapi? Nimwambie Generoza arudi nyumbani?" Alimgeukia binti. "Mayige naye angeandika. Andika, ng'wana wane, twende tukawahi basi."

Scola aliketi kwenye kompyuta iliyokuwa pembeni ya chumba. Aliita mistari ya Zagayu, msimu mzima wa kazi ya baba yake, namba ndefu zimesimama kama mabua. Saa sita ni sekunde elfu ishirini na moja na mia sita. Aliandika jumlisha, akabonyeza mara moja. Zote zikabadilika kwa pamoja, na Zagayu pakapambazuka. Chini yake vituo kumi viliendelea kuwa gizani. Angeweza kubonyeza kwa wote kwa kidole hicho hicho, na kazi isingeongezeka hata kidogo.

Aliandika barua ya uzembe wake, akaitia sahihi. Kasmiri alisimama, akampa Mwandu mkono.

"Tumemaliza kiungwana, mzee wangu."

"Wabeja," Mwandu akajibu, maana ndivyo alivyolelewa, mtu akikupa mkono useme asante.

*

Habari ilifika Zagayu kabla yao. Haikusemwa kwamba Mwandu ameonewa akaokolewa. Ilisemwa kwamba katika makarani kumi na mmoja amekutwa mmoja tu anayenunua pamba mchana, na binti yake ndiye mwenye kompyuta. Wengine walisema yeye ndiye aliyewataja wenzake. Mwandu alitaka kuzunguka nyumba kwa nyumba aeleze. Nyanjige akamuuliza ataeleza nini: kwamba hakuna aliyekosa, na yeye alilijua hilo, na amerudi peke yake? Mwandu akabaki uani akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa na kasoro.

Kampuni ilianza kukusanya dhamana wiki iliyofuata. Mayige alipangiwa Jumanne. Jumatatu alasiri akatokea kwa Mwandu, na fimbo, peke yake.

"Mwadila," alisema.

"Mwadila, Mayige. Karibu. Mama Generoza, leta kiti."

"Sikai. Nimewafuata wale wawili."

Kwa watu wa huku mwenye ng'ombe hawalazi wote zizi moja. Huweka wawili kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, ili ugonjwa ukiingia au wezi wakija wasiishe wote. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi, na hasemi kwa mtu ni ng'ombe wa nani. Katika zizi la Mwandu, mbali na wale tisa walioandikwa kwenye dhamana, kulikuwa na ng'ombe jike mwekundu na mtamba wake, wote wa Mayige. Jirani wa ukuta kwa ukuta hakujua. Ngeleja hakujua.

"Mayige, kesho wanakuja kwako," Mwandu alisema.

"Najua siku."

"Ng'ombe ulionao hawatoshi kwa hasara waliyokuandikia. Wakikuta zaidi watachukua zaidi. Hawa waache hapa hapa. Hawajaandikwa popote. Wakishapita utakuja, utaanza nao upya. Si ndiyo maana tunawekeana?"

"Ndiyo maana."

"Basi waache. Hakuna anayejua wako hapa. Ni mimi na wewe tu."

Mayige alimtazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayepima gunia na kuona mzani haudanganyi.

"Katika sisi wawili tunaojua, mmoja amezidi," alisema.

Nyanjige, aliyekuwa ametoka na kiti, alisimama nacho mlangoni.

Mwandu alitaka kusema mengi. Alitaka kusema kuhusu mlango uliofungwa, na vigae, na simu iliyoita bila kupokelewa. Badala yake alikwenda zizini, akaondoa miti ya mlango mmoja mmoja. Ng'ombe mwekundu alitoka vizuri. Mtamba alikataa, alizaliwa pale, hakujua kwingine, na kila alipopigwa alirudi kujificha nyuma ya ng'ombe wa Mwandu. Ikabidi Mwandu mwenyewe amshike pembe na kumkokota hadi nje, akamkabidhi Mayige.

Mayige hakuaga. Aliwaswaga kuteremka mtoni, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Kesho yake Ngeleja alifika kwa Mayige na orodha ya ng'ombe saba. Akakuta tisa zizini. Aliwahesabu mara mbili, akampongeza mzee kwa uaminifu wake, akawachukua wote.